Lenzi Iliyofaulu Dukani na Kukwama Juani

Mpiga picha wa mji wa Wote au Mwingi, Ukambani, anayeishi kwa harusi, mazishi na ntheo, sherehe ya kimila ya ndoa ya Wakamba, hapewi nafasi ya pili. Mbuzi wa ntheo wakishachinjwa, tukio limepita. Ndiyo maana lenzi ya Sigma, Tamron au Yongnuo ya kamera ya Canon, hasa ya mtumba, ichunguzwe vizuri kabla ya kulipiwa.

Canon ilipoanzisha mfumo wa EF mwaka 1987, iliondoa vyuma vya kusukumana kati ya kamera na lenzi. Amri zote zikawa zinapita kwenye pini za umeme, na lenzi ikabeba yenyewe mota ya fokasi na mota ya kufunga tundu la mwanga. Kampuni nyingine, kama Sigma, zililazimika kuzisoma ishara hizo na kuziiga, na zilichoiga ni ishara za kamera za wakati huo.

Hapo ndipo tatizo lilipo. Chukua lenzi ya Sigma ya enzi za filamu uifunge kwenye kamera ya Canon EOS ya dijitali. Inaingia sawasawa na fokasi inashika. Tundu likiwa wazi kabisa, picha inatoka safi. Weka f/8 ili tundu lipungue, bonyeza: kamera inaonyesha hitilafu, Err 99. Kamera hupima mwanga na kutafuta fokasi tundu likiwa wazi, kisha huamuru lifungwe pale tu picha inapopigwa. Amri hiyo ndiyo lenzi nyingi za zamani za Sigma hushindwa kuitii.

Sasa fikiria duka lenye mwanga hafifu. Ukijaribu kwa mpangilio wa otomatiki, kamera hufungua tundu hadi mwisho, na lenzi mbovu inafaulu. Kesho yake, kwenye jua la saa sita Kitui, kamera inalifunga tundu na kazi inakwama mbele ya wageni.

Kwa anayehamia kamera za RF, mfumo ambao Canon iliuanzisha mwaka 2018, habari ni njema zaidi. Lenzi ya EF hukaa milimita 44 kutoka kwenye kihisi, ya RF milimita 20. Adapta hujaza zile 24 bila kioo chochote na kupitisha ishara, kwa hiyo lenzi nyingi za EF zinazofanya kazi vizuri huendelea kutumika. Usiziuze kwa haraka: hadi 2024 ndipo Sigma na Tamron walipotangaza lenzi za RF kwa leseni ya Canon, nazo zilikuwa za kamera zenye kihisi kidogo.

Nenda dukani na kamera yako mwenyewe. Piga kwa f/8, kisha f/16, mara kadhaa. Muuzaji akikataa jaribio hilo, mwachie lenzi yake.