Jina la Mtu, Jina la Mahali

Msomaji wa ramani za kale hukosea zaidi pale anapoamini kwamba kila jina lililoandikwa ni la mahali. Ramani ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki, ya kipimo cha 1:300,000, iliyochapwa Berlin na Dietrich Reimer tangu miaka ya 1890, imejaa majina ya watu. Mpimaji huuliza, "Hapa ni wapi?" hujibiwa, "Kwa fulani," naye huandika. Jumbe akifa, mji huitwa kwa mrithi wake. Kisha ramani ya baadaye ikilikosa jina lile, mtafiti hunena kwamba kijiji kimekufa. Kumbe watu wapo pale pale, wanapalilia mashamba yale yale! Kwamtoro ni mfano wa majina ya umbo hilo yaliyodumu.

Daftari la reli lina kasoro nyingine. Reli ya Kati ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914, na gari la moshi lilisimama penye maji ya injini au penye mizigo. Kijiji kisicho na hivyo aghalabu hakikutajwa, hata kama njia ilipita uani mwake.

Na vyanzo hivyo vikipatana, iko miaka ya 1973 hadi 1976, Operesheni Vijiji ilipohamisha mamilioni ya watu. Hapo jina laweza kuwa limehama na wenyewe, likaacha nyuma miembe na makaburi. Mtafiti na aulize kwanza ni wapi watu hurudi kufagia makaburi ya wazee wao, ndipo aikunjue ramani.