Vitabu vya Bwana Msa: Hazina au Amana?

Huenda ukashangaa kuona katika kurasa hizi, ambazo umezizoea kwa nasaha na mambo ya malezi, makala juu ya hadithi za upelelezi. Usifanye haraka ukageuza ukurasa. Vitabu vya hadithi vimo majumbani mwetu, tupende tusipende. Vijana wetu huvisoma, na sisi wazee wao tulivisoma kabla yao, tena mara nyingi kwa mwanga wa kandili baada ya mama kudhani tumelala. Na kitu kilichomo nyumbani yatupasa tukijue na tukipime, ili tuone kipi cha kuwekwa na kipi cha kuachwa.

Mwandishi ninayemkusudia ni Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Alizaliwa Makunduchi mwaka 1918. Alipomaliza masomo alifanya kazi ya ukaguzi wa afya kwa muda wa miaka kama kumi. Mwaka 1948 akaingia katika kazi ya magazeti, akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari, na tangu 1958 hadi 1968 alikuwa mhariri wa gazeti la Mkulima. Alifariki dunia mwaka 1991, Mwenyezi Mungu amrehemu. Hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale ilipata zawadi ya kwanza katika mashindano ya uandishi yaliyofanywa na East African Literature Bureau mwaka 1957 na 1958, nayo ikapigwa chapa mwaka 1960. Baada yake vikafuata Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), Mwana wa Yungi Hulewa (1976) na Kosa la Bwana Msa (1984). Jumla yake ni vitabu saba, na katika vingi vyake mwenye kufumbua mafumbo ni mtu mmoja, Bwana Msa, mwenye kiko chake mdomoni na rafiki yake Najum pembeni.

Mimi ni mmoja wa watu walioshikwa na maradhi ya kuvikusanya vitabu hivi. Nasema maradhi kwa kuwa aliyeanza hujui atakoma lini. Kwanza hutaka kusoma tu. Kisha hutaka kuwa na kitabu chake mwenyewe. Kisha chapa aliyonayo haimtoshi, hutaka chapa ya kwanza. Kisha hutaka lile jalada la zamani lenye picha, lisilochanika. Mwisho wake hujikuta akipekua marobota ya magazeti makuukuu ya Mkulima ili apate moja tu lililotoka zamani za mhariri huyo, na huku ukulima wenyewe hata jembe la kushika hana.

Wala si sisi peke yetu. Huko Uingereza na Marekani wako watu wanaomkusanya Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle kama wengine wanavyokusanya dhahabu. Hadithi ya kwanza ya Holmes ilitoka mwaka 1887 ndani ya gazeti la mwisho wa mwaka ambalo bei yake ilikuwa shilingi moja. Nakala moja ya gazeti hilo iliuzwa kwa mnada huko New York mwaka 2007 kwa zaidi ya dola 150,000. Hapa kwetu hali ni kinyume. Mzee akifa, vitabu vyake hutiwa guniani vikapelekwa kwa wauza vitabu vikuukuu wanaotandaza njiani, na visivyonunuliwa huishia kufungiwa njugu. Wao wamepita mpaka kwa kuthamini, na sisi tumepita mpaka kwa kudharau.

Juu ya dharau hiyo ziko sababu nyingine za kuadimika kwake. Vitabu hivi vilitengenezwa kwa karatasi na majalada mepesi, ili mtu wa kipato kidogo aweze kununua. Hewa yetu ya pwani ina unyevu na chumvi, hufanya karatasi kuwa manjano na kuota ukungu, na mchwa hawana haya. Tena wachapaji wenyewe hawakudumu: Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, ile East African Literature Bureau nayo ikavunjika. Kwa hivyo mwenye chapa ya 1960 leo anayo karatasi ambayo hata mwenye kuichapa hayupo.

Sasa swali, ndugu msomaji, ni hili: je, vinastahiki taabu hiyo? Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nitasema uzuri wake na upungufu wake.

Uzuri wa kwanza ni kuwa vitabu hivi vinapigana na ushirikina bila ya kupanda mimbari. Tazama majina ya viwili vya mwanzo. Mzimu ni neno la kutisha. Giningi, katika masimulizi ya Unguja na Pemba, ni makao ya wachawi, na watoto wengi walitishwa kwa jina hilo wakanyamaza. Mwandishi amelichukua neno la kutisha akalipachika juu ya jalada, msomaji akaingia akitetemeka, kisha ndani akaonyeshwa kuwa aliyeua ni binadamu, kwa mkono wa binadamu na kwa tamaa ya binadamu. Katika kile cha kwanza Bwana Ali Bomani aonekana ameuawa pale mzimuni, na watu wako tayari kuamini lolote. Bwana Msa hapigi ramli wala hatazamii. Huuliza, hutazama nyayo za maneno ya watu, hupima, hungojea. Ni mara ngapi sisi tumewatia mashakani jirani zetu kwa kauli ya mpiga ramli? Kijana aliyesoma kitabu hiki vizuri hawi mwepesi wa kumsadiki mganga anayemtajia mchawi wake.

Uzuri wa pili ni lugha. Ni Kiswahili cha Unguja kinachosemwa na watu barazani na jikoni, chenye utani, mafumbo na heshima zake. Mtu akitaka kujua wazee wa wakati ule walivyojibizana, atazisikia sauti zao humo. Hilo peke yake latosha kuwa sababu ya kuviweka.

Ama upungufu nao upo. Kiko kile na rafiki yule anayestaajabu kila mara ni vitu vilivyokopwa kwa Sherlock Holmes, na Najum masikini mara nyingine hufanywa mzito wa kufahamu kupita kiasi ili Bwana Msa apate kung'ara. Vitabu vya katikati vimejaa nasaba zilizofungamana, hata msomaji yampasa ashike kalamu aandike nani mwana wa nani. Na sadfa zimekuwa nyingi mno. Jambo likishindikana kufumbuliwa kwa akili, hutokea mtu aliyekuwa amekusudiwa kutokea. Pamoja na hayo, mlinganishe na waliokuja wakati wake. Katika Kufa na Kupona cha Elvis Musiba, kilichotoka 1974, Willy Gamba hufika kwa bastola na ndege. Bwana Msa hufika kwa miguu, akakaa, akapewa kahawa, akasikiliza. Huyu wa pili ndiye niliyependa mwanangu akutane naye kwanza.

Kuhusu Mke Mmoja Waume Watatu, nitakupa kisa kidogo. Marehemu mama yangu alikuwa hajui kusoma herufi za Kizungu. Siku moja aliniuliza kitabu kile kipya kinaitwaje. Nilipomsomea jina lake alipiga makofi akasema, "Astaghfirullah! Mwanangu, hicho usikiweke kidaka kimoja na msahafu." Nikakihamisha. Hakukisoma, lakini alinifundisha jambo: mwenye kukusanya vitabu lazima ajue kila kimoja mahali pake na cheo chake. Kitabu cha kuchangamsha moyo kina mahali pake, maadamu hakikuingia mahali pa kingine.

Ndugu msomaji, hadi hapa nimesema habari za mwandishi. Sasa yanipasa niseme habari zangu, nazo si za kujisifu.

Kwa muda wa miaka mingi nilikuwa na vitabu sita. Kilichonipungukia kilikuwa Kosa la Bwana Msa. Siku nilipokipata, kwa bei nisiyomwambia mama watoto mpaka leo, nilivipanga vyote saba kwenye kabati la kioo, nikatia majani makavu ya mwarubaini nyuma yake, nikafunga kwa ufunguo. Haba na haba hujaza kibaba, nikajiona nimejaza. Wageni wakija niliwaonyesha kwa mbali. Aliyeomba kuazima nilimpa udhuru.

Siku moja binti yangu aliniomba asome Kisima cha Giningi. Nikamfungulia kabati, nikamwamrisha aoshe mikono. Hakufika ukurasa wa tatu akaniita. "Baba, huyu aliyeandikwa hapa ni nani?"

Ndani ya jalada palikuwa na jina kwa kalamu ya risasi, na mwaka. Nililijua. Lilikuwa jina la sahibu yangu wa ujana, ambaye kitabu kile nilikiazima kwake kwa siku nne. Kabla siku nne hazijesha alipata kazi Ghuba, akaondoka kwa haraka. Nikasema akirudi nitampa. Alirudi likizo mara mbili, tukala pamoja, na kitabu hakikutajwa. Kisha akafariki huko huko, akazikwa huko. Mimi nikabaki na kitabu, na kwa kupita miaka nikasahau kuwa si changu. Ubaya zaidi ni huu, nao nauandika kwa haya: wakati nilipokuwa nikivitengeneza vitabu vyangu, niliona lile jina linachafua chapa ya kwanza, nikajaribu kulifuta kwa raba. Herufi mbili za mwanzo zilifutika, zilizobaki zilikataa.

Nilimwambia binti yangu kweli. Hakusema neno. Alikifunga kitabu akakirudisha mkononi mwangu, na adabu yake iliniuma kuliko lau angalinilaumu.

Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratun-Nisaa turudishe amana kwa wenyewe, wala hakuvitoa vitabu vya hadithi. Nilimtafuta mwana wa marehemu. Alikuwa mdogo sana baba yake alipoondoka. Nilimwekea kitabu mbele yake nikamweleza, nikamwambia kuwa chapa hii leo ina thamani, akitaka kukiuza asikubali bei ya njiani. Hakuitazama chapa wala jalada. Alifungua ndani, akaliona jina, akaweka kidole juu yake. Akaniuliza, "Haya ndiyo maandishi ya baba?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Sisi tuna picha zake. Mkono wake hatuna." Kisha akauliza kwa nini herufi mbili za mwanzo hazipo. Nikamjibu kuwa ni mimi.

Hapo ndipo nilipofahamu, ndugu msomaji, kuwa kwa miaka ile yote nilikuwa nakisoma kitabu kile vibaya. Bwana Msa angaliingia chumbani mwangu angaliona kwanza lile jina, si jalada. Alama ile niliyoihesabu kuwa ni kasoro ndiyo iliyokuwa na thamani, na thamani yake haikuwa yangu. Nguo ya kuazima haisitiri, na kitabu cha kuazima hakitimizi idadi.

Wazee wetu walilijua jambo hili kuliko sisi. Mwenye kitabu aliandika ndani jina lake, na mara nyingine akaandika kuwa ni wakfu, kisiuzwe wala kisirithiwe, kisomwe. Pale Riyadha, Lamu, zimehifadhiwa hati za mkono zilizovuka vizazi, nazo hazikuvuka kwa kufungiwa kwenye kioo. Zimevuka kwa sababu zilikuwa za wasomaji.

Basi nasaha zangu ni chache. Kusanya vitabu uvipendavyo, hapana dhambi katika hilo, lakini usipite mpaka katika mali, wala usichukue nafaka ya watoto ukanunua jalada. Andika jina lako ndani. Weka daftari la waazimaji, na ukurasa mwingine wa ulivyoviazima wewe, maana huo wa pili ndio tunaousahau. Waambie watoto wako kila kitabu kilipotoka. Na kabla hujajivunia kabati lako, lifungue leo usiku, utazame ndani ya kila jalada kama kuna jina lisilo lako.

Kwangu mimi kabati lina vitabu sita, na pengo moja baina ya cha kwanza na cha tatu. Halifungwi tena kwa ufunguo. Kile cha mwisho, Kosa la Bwana Msa, binti yangu amekiazima kwa siku nne, na nimemwandika katika daftari.

Wabillahi tawfiq.