Vikombe vya Viazi

Mudende, wilayani Rubavu, anayetaka kuonyesha osmosisi hana haja ya maabara. Viazi mviringo vimejaa tele katika udongo huu wa volkano, upande wa mlima Karisimbi, na jikoni hapakosekani kisu, sahani na sukari. Kinachobaki ni mkono wa mwalimu anayeijua kazi, na mkono huo ni raha kuutazama.

Kwanza huchagua. Anataka kiazi kikubwa, kigumu; kilichonyauka anakirudisha guniani. Anakikata katikati, anasawazisha kitako kisimame imara, kisha anamenya ubavu wa chini, sehemu itakayozama majini. Hatua hii wengi huiruka, na jaribio linawagomea, kwa sababu ganda la kiazi kazi yake ni kuzuia maji. Halafu anachimba kwa kijiko taratibu, akikizungusha kiazi chenyewe, mpaka ukuta ubaki na unene wa sentimita moja hivi. Ukitoboka, anaanza kingine bila kunung'unika.

Huchonga vitatu. Cha kwanza hutiwa maji yenye sukari nyingi hadi nusu, na pini huchomwa ukutani pale maji yalipofikia. Cha pili hakitiwi kitu. Cha tatu, kilichokwisha kuchemshwa, hutiwa sawa na cha kwanza. Vyote husimamishwa kwenye sahani za maji, vikaachwa hadi kesho.

Kesho yake, katika cha kwanza maji yameipita pini. Kila seli ya kiazi ina utando unaopitisha maji kwa wepesi na kuizuia sukari, hivyo maji ya sahani yamevutwa seli kwa seli kuelekea kwenye sukari. Mwaka 1748 Mfaransa Jean-Antoine Nollet aliona nguvu hiyohiyo ikivimbisha kibofu cha mnyama alichofunikia chombo cha pombe na kukizamisha majini. Katika cha tatu, moto umeziharibu tando; sukari inavuja, maji hayapandi.

Ila mimi ninachokistahi zaidi ni kile kitupu. Bila hicho, mtoto mwerevu angeuliza kama maji hayakupenya tu yenyewe, na angekuwa na haki. Mwalimu huwaita wanafunzi wapitishe kidole ndani: hakuna maji yaliyojikusanya. Kisha anawauliza ingekuwaje kama cha kwanza kingetiwa chumvi, na kabla hawajamaliza kubishana ameshashika kiazi kingine na kisu.