Mtandao Unaoongozwa kwa Programu Ndani ya Seva Chache: Ulivyojengwa na Masharti Yake Mjini Kindu

Mtandao unaoongozwa kwa programu, kwa kifupi SDN, ni mtandao ambao uamuzi kuhusu njia ya data umetenganishwa na kazi ya kuisafirisha. Katika swichi ya kawaida kazi hizo mbili hukaa ndani ya kifaa kimoja: swichi hupokea pakiti, yaani kipande cha data, hujiamulia mlango wa kuitolea, kisha huitoa. Katika SDN uamuzi hutoka kwenye programu iitwayo kidhibiti, na swichi hubaki na orodha ya kanuni za kutekeleza. Mji wa reli kama Kindu, mkoani Maniema nchini Kongo, unaufahamu mgawanyo wa namna hiyo: treni ya shirika la reli, SNCC, hubeba mizigo, lakini ruhusa ya kuingia njiani hutolewa na stesheni.

Mgawanyo huo huzaa maswali mawili yanayoongoza utekelezaji wote. Kidhibiti kikae wapi? Na kisipopatikana, mtandao ufanye nini? Pale ambapo umeme na mawasiliano hukatika mara kwa mara, majibu ya maswali hayo ndiyo yanayoamua kama teknolojia hii itasaidia au itaongeza matatizo.

Jibu la kwanza lilitoka Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani. Mwaka 2007 Martin Casado na wenzake walichapisha mradi wa Ethane, uliokuwa umehudumia zaidi ya kompyuta 300 chuoni hapo. Mazungumzo mapya yalipoanza kati ya kompyuta mbili, pakiti ya kwanza ilipelekwa kwa kidhibiti, nacho kiliruhusu au kukataa. Mwaka 2008 wazo hilo lilipata lugha ya pamoja kati ya kidhibiti na swichi, iliyoitwa OpenFlow. Mpango huu ulitoa udhibiti mkubwa, lakini kila mazungumzo mapya yalimtegemea mwamuzi mmoja. Akichelewa, mtandao nao huchelewa. Akikosekana, mazungumzo mapya hayaanzi.

Mashine pepe, yaani kompyuta za programu zinazoendeshwa ndani ya seva, zilibadilisha mahali pa kufanyia kazi. Seva moja inapobeba mashine pepe kumi au ishirini, pakiti nyingi hupita kati yao bila kuigusa swichi ya chuma iliyo ukutani. Swichi ya kwanza zinayokutana nayo ni programu iliyo ndani ya seva yenyewe, na programu hubadilika kwa urahisi kuliko chuma. Kampuni ya Nicira, ambayo Casado alikuwa mmoja wa waanzilishi wake, ilijenga juu ya ukweli huo. Mwaka 2009 ilitolewa Open vSwitch, swichi ya programu isiyo na malipo ambayo msimbo wake uko wazi, na mwaka 2012 sehemu yake ya ndani iliingizwa katika kiini cha Linux, toleo la 3.3. Mwaka huohuo kampuni ya VMware iliinunua Nicira kwa takriban dola bilioni 1.26.

Open vSwitch hufanya kazi kwa ngazi mbili. Pakiti ya kwanza ya mtiririko hupanda hadi kwenye programu inayozijua kanuni zote. Uamuzi ukipatikana, huhifadhiwa chini, katika kiini cha mfumo, na pakiti zinazofuata hupita kwa kasi bila kuuliza tena. Swichi hii pia imepangiwa la kufanya mawasiliano na kidhibiti yakikatika. Msimamizi anaweza kuiagiza igeuke swichi ya kawaida inayojifunza anwani yenyewe, au iendelee na kanuni ilizonazo bila kubuni mpya. Agizo la kwanza hulinda upatikanaji wa huduma. La pili hulinda mipaka kati ya mitandao. Hospitali inayotaka kumbukumbu za wagonjwa zisichanganyike na intaneti ya wageni inapaswa kuchagua la pili.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuutenga mtandao wa mashine pepe na nyaya zinazoubeba. Njia ya zamani ya kugawa mtandao, VLAN, hutumia namba ya biti 12, hivyo haivuki mitandao 4,094, na kila swichi ya njiani lazima ipangwe upya. VXLAN, iliyoelezwa rasmi mwaka 2014, huifunga pakiti nzima ya mashine pepe ndani ya pakiti nyingine na kuituma kwenye seva ya pili, ambako hufunguliwa. Namba yake ina biti 24, yaani zaidi ya mitandao milioni 16. Kwa ofisi ya Maniema wingi huo hauna maana kubwa. Faida halisi ni kwamba swichi za njiani, hata zikiwa za bei nafuu na za aina tofauti, hazihitaji kujua chochote kuhusu mitandao inayopita juu yake.

Katika mfumo wake wa mitandao pepe, NVP, Nicira iliusahihisha pia udhaifu wa Ethane. Kidhibiti hakikungoja kuulizwa. Kilikokotoa kanuni zote mapema na kuzisambaza kwa kila seva, kisha kikajiondoa kwenye njia ya pakiti. Kikizimika, mazungumzo yaliendelea kwa kanuni zilizokwisha kufika. Kilichosimama ni mabadiliko mapya tu. Huu ndio uamuzi wa usanifu wenye thamani kubwa kuliko yote kwa mji ulio mbali na vituo vikuu vya data.

Leo chuo, hospitali au ofisi ya mkoa mjini Kindu inaweza kupata muundo huo kwa seva tatu na Proxmox VE, programu huria ya kuendesha mashine pepe. Tangu toleo la 8.1 la mwaka 2023, sehemu yake ya SDN huja pamoja na mfumo. Msimamizi huanza kwa kuunda kanda na kuchagua aina yake, kwa mfano VXLAN, kisha huandika anwani za seva zote tatu. Ndani ya kanda huunda mitandao pepe: mmoja wa uhasibu, mmoja wa wanafunzi, mmoja wa majaribio. Mabadiliko hayaanzi kazi mpaka aamuru yatekelezwe; hapo kila seva hujiandikia mpangilio wake na kuuhifadhi kwake. Kwa hiyo pakiti hazihitaji kibali cha mashine iliyoko Kinshasa wala nje ya nchi.

Kosa linalowapata wengi katika hatua hii ni la ukubwa wa pakiti. VXLAN huongeza baiti 50 kwa kila pakiti. Nyaya zikikubali baiti 1,500, mashine pepe lazima zipangiwe 1,450. Hilo likisahauliwa, dalili hupotosha: amri ya kupima mawasiliano hujibu vizuri kwa sababu pakiti zake ni ndogo, lakini mafaili na kurasa nzito hukwama. Kipimo sahihi ni kutuma pakiti kubwa zilizokatazwa kugawanywa.

Umeme nao una sheria zake. Seva za Proxmox hufanya maamuzi kwa akidi: katika kundi la seva tatu, lazima mbili ziwe hai. Akidi ikikosekana, mashine pepe zinazoendeshwa kwa kawaida huendelea, lakini mpangilio haubadiliki. Baada ya kuzimika kote, seva moja ikiwaka peke yake haianzishi mashine zake mpaka nyingine iwake. Betri na jenereta zigawanywe basi kwa hesabu hiyo: kuokoa seva mbili pamoja na swichi inayoziunganisha kuna faida kuliko kuirefushia maisha seva moja.

Umbali huleta sharti la mwisho. Mawasiliano ya kundi hili yanataka ucheleweshaji usiozidi milisekunde 5, kiwango cha mtandao wa ndani ya jengo. Setilaiti iliyo takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta huhitaji zaidi ya milisekunde 500 kwa safari ya kwenda na kurudi, zaidi ya mara 100 ya kiwango hicho. Hivyo kundi moja halipaswi kunyooshwa kutoka Kindu hadi Goma au Kinshasa. Hata tawi lililo Alunguli, ng'ambo ya Lualaba, likiunganishwa kwa redio, ni salama zaidi kulipatia seva inayojitegemea na kuunganisha data tu. Pia VXLAN haifichi kilichomo. Ikivuka redio au intaneti ya umma, ipitishwe ndani ya handaki la WireGuard linalosimba data, ambalo kwa kawaida huacha baiti 1,420. Ukiondoa 50 za VXLAN, mashine pepe hubaki na 1,370.

Taasisi yenye seva moja na mitandao miwili haihitaji haya yote, VLAN inatosha. SDN huanza kulipa pale mashine pepe zinapohama kati ya seva, au mitandao inapoongezeka kila muhula. Hata hapo, mpangilio unakiliwe mara kwa mara na kuhifadhiwa nje ya seva hizo, na jaribio la kuzima seva moja kwa makusudi lifanyike kabla huduma haijakabidhiwa kwa watumiaji.