Mkimbiaji Tunayemtumia Mimbarini

Wako wanariadha wawili wa Afrika Mashariki ambao sisi wahubiri tumewatumia kuliko tunavyowatumia baadhi ya mitume. Mmoja ni John Stephen Akhwari wa Mbulu. Mwingine ni Samuel Wanjiru wa Nyahururu, Kenya. Wa kwanza tunamtaja kwenye kipaimara, kwenye mikutano ya vijana na kwenye ibada ya kufunga mwaka. Wa pili tunamtaja tunapokemea ulevi na fedha za ghafla. Nataka kuyahoji mahubiri hayo, nikianza na yangu mwenyewe, kwa sababu naamini yanawakosea wanariadha hao na yanaikosea Injili.

Habari ya Akhwari inajulikana. Tarehe 20 Oktoba 1968, mjini Mexico City, alianguka katikati ya mbio za marathoni, akaumia goti, akafungwa bandeji, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa amekwisha kuchukua dhahabu zaidi ya saa moja kabla, Akhwari alipoingia uwanjani gizani akichechemea, wa mwisho kati ya wote waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma kwenda kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza. Hapo mhubiri hufungua 2 Timotheo 4:7, na kazi yake ya Jumapili hiyo imekwisha.

Sina ugomvi na andiko, wala na Akhwari. Ugomvi wangu ni kwamba tunamkata kipande. Ni mahubiri machache yanayosema kwamba alikuwa mkimbiaji hodari kweli kweli, na kwamba mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, alishika nafasi ya tano katika marathoni kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5. Tumemgandisha katika saa yake ya maumivu kwa sababu maumivu yale yanatufaa. Na habari yetu huishia pale pale uwanjani. Mtu huyo alirudi Mbulu, akalima, akawa na nyumba na watu wa kulisha. Heshima ya taifa ya ushujaa aliipata mwaka 1983, miaka kumi na mitano baadaye. Mhubiri hana haja na miaka hiyo. Goti linamtosha.

Akhwari, basi, tumemtumia vibaya kwa kumsifu. Wanjiru tumemtumia vibaya zaidi.

Mwaka 2008 Akhwari alikuwa balozi wa nia njema wa Olimpiki ya Beijing, na katika Olimpiki hiyo hiyo, tarehe 24 Agosti, Wanjiru alishinda marathoni kwa saa 2, dakika 6 na sekunde 32, rekodi mpya ya Olimpiki. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Kenya katika marathoni ya Olimpiki, na mshindi alikuwa na umri wa miaka 21. Joto la siku ile lilikuwa la kumfanya mtu mwenye busara akimbie polepole. Yeye alitoka kwa kasi tangu mwanzo, kana kwamba hajaambiwa.

Alilelewa na mama peke yake, katika umaskini. Akiwa na miaka 15 alipelekwa Japani, kwenye shule ya sekondari mjini Sendai inayosifika kwa riadha, na baadaye akaajiriwa katika timu ya Toyota Kyushu, chini ya kocha Koichi Morishita, aliyepata fedha ya marathoni Barcelona mwaka 1992. Huko alikimbia ekiden, mbio za kupokezana za barabarani ambazo Wajapani wanazipenda sana. Katika ekiden hakuna kijiti. Mkimbiaji huvaa utepe wa kitambaa begani, humaliza kipande chake, huuvua na kumkabidhi mwenzake. Akishaukabidhi anaruhusiwa kulala chini barabarani na kuhema. Nimeufikiria sana utepe huo.

Maana aliporudi Kenya na dhahabu hapakuwa na wa kumkabidhi. Mwaka 2009 alishinda London na Chicago. Mwaka 2010 alishinda tena Chicago, baada ya kukimbizana na Tsegaye Kebede hadi mwisho. Mara mbili mfululizo alitwaa tuzo ya jumla ya marathoni kubwa za dunia, dola 500,000 kila mara. Kijana wa miaka 23 na fedha hizo, katika mji ambao kila mtu amemfahamu tangu alipokuwa hana viatu: ni nani anayemnyima kiti, na ni nani asiyemwomba? Desemba 2010 alikamatwa, akashtakiwa kumtishia mkewe na kumiliki bunduki kinyume cha sheria. Alikana. Mke baadaye aliondoa malalamiko yake. Usiku wa tarehe 15 Mei 2011 alikufa baada ya kuanguka kutoka roshani ya nyumba yake Nyahururu. Alikuwa na miaka 24. Mama yake hakukubali kwamba ilikuwa ajali, familia ikagombana, na mazishi yakasubiri mahakama. Namna alivyokufa watu wanabishania mpaka leo, na mimi si hakimu.

Lakini mwaka huo 2011 nilijifanya hakimu. Nilikuwa mchungaji mpya, nimetoka chuoni na vitabu vyangu, katika usharika mdogo kati ya Kahama na Geita, mahali ambapo Jumapili wanaume wengi wako duarani au kwenye karasha. Nilihubiri juu ya maneno ya Mithali kuhusu kiburi na maanguko, na mfano wangu ulikuwa Wanjiru. Nililichezea neno kuanguka. Nilisema wengine huanguka dhambini kabla ya kuanguka kutoka ghorofani. Baadhi ya washarika walicheka, nami nikafurahi kwamba wamecheka. Kijana wa watu alikuwa amekufa siku si nyingi.

Baada ya ibada tulitoka nje kwa mnada wa sadaka kama kawaida. Mama mmoja alinunua kuku, akamfunga miguu, akanifuata nilipokuwa navua joho.

“Baba Mchungaji, yule kijana wa Kenya, kwao walikuwa wangapi waliomtegemea?”

Nikamwambia sijui.

“Mwanangu anacheza mpira,” akasema. “Sisi tuko tisa. Mshahara wake ukichelewa hatuambii, tunaona tu simu haipokelewi. Akifunga goli, simu yangu ndiyo hailali. Mpaka shangazi yake wa Bariadi anataka mabati. Mwaka jana alianza kunywa. Sasa na yeye akianguka, utamhubiri?”

Sikuwa na jibu. Nikamuuliza bei ya kuku, jambo la kijinga kabisa, maana nilikuwapo aliponunua.

Swali lake ndilo lililonifanya nirudi kwenye mahubiri yangu kama mtu anayekagua hesabu, na nikakuta upungufu. Nilikuwa nimehesabu dhambi za mtu mmoja. Wale waliokuwa wakila mkononi mwake sikuwahesabu. Fedha ya mchezaji, kama ya mchimbaji aliyepata, ina desturi yake huku kwetu. Dhahabu ikitoka duarani leo, kufikia jioni habari imefika kijijini kwao, na kesho kuna mgonjwa, kuna ada, kuna msiba, kuna mwezeshaji aliyetoa fedha ya maturubai na anataka chake. Ushuru huu haumo katika sheria yoyote, nao haukomi duara likikauka. Kanisa nalo limo katika foleni. Tusijidanganye: mwenye dhahabu anapokuja ibadani tunajua atakaa kiti gani, na harambee ya kupaua tunaipanga tukimtazama yeye. Yakobo 2 tunaisoma, kisha tunamwita mbele.

Timu zetu zimeishi maisha hayo hayo. Mwadui imezaliwa kando ya mgodi wa almasi. Stand United ilianzia kwa watu wa stendi ya mabasi hapa Shinyanga, ikapanda Ligi Kuu, ikapata udhamini wa kampuni ya dhahabu, ikagawanyika kwa ugomvi, ikashuka. Geita Gold imebeba dhahabu hata katika jina. Timu ikishuka, magazeti huandika juu ya uongozi na kocha. Wachezaji wanafungasha mabegi, na kila begi lina nyumba nyuma yake inayosubiri.

Wasukuma tuna namna yetu ya zamani ya kumtazama nyota. Ngoma za Bagika na Bagalu ni mashindano: anashinda anayevuta watu wengi upande wake. Ningi, kiongozi wa ngoma, hatazamiwi kuwa na sauti na maneno makali tu, hutazamiwa kuwa na samba, dawa ya kuvuta watu na ya kujikinga na dawa ya mwenzake. Akishinda, ana dawa. Akishindwa au akiugua, ama amerogwa ama amevunja mwiko. Wakristo tunajisifu kwamba tumeacha mawazo hayo. Sina hakika. Mchezaji akifunga tunasema amebarikiwa. Akiumia au akilewa tunauliza amekosa nini. Tumebadilisha maneno, hesabu ni ile ile.

Wanafunzi waliuliza hivyo hivyo mbele ya kipofu katika Yohana 9, nani aliyetenda dhambi, na Bwana hakuwapa jina la mtu. Katika Luka 13 aliletewa habari za mauaji, naye akaongeza habari ya mnara wa Siloamu ulioangukia watu kumi na wanane, akakataa kabisa kusema kwamba walikuwa wabaya kuliko wengine wa Yerusalemu. Aliligeuza swali likawa la wasikilizaji: ninyi je? Andiko hili tunalijua vizuri huku migodini. Duara likititia na kuua vijana hakuna mchungaji anayethubutu kusimama kaburini na kusema walizidi kwa dhambi. Wanjiru je, tulithubutuje? Nadhani ni kwa sababu alikuwa mbali na alikuwa tajiri, na sisi tusio na kitu tunapata faraja fulani, faraja mbaya, tajiri anapodondoka.

Chuoni tulifundishwa Luther na hoja zake za Heidelberg za mwaka 1518, jinsi anavyotenganisha mwanateolojia wa utukufu na mwanateolojia wa msalaba. Nilijibu swali hilo kwenye mtihani na kupata alama nzuri. Kisha nikaenda kuhubiri utukufu. Maana kumsifu Akhwari kwa kumaliza na kumlaani Wanjiru kwa kuanguka ni mahubiri mamoja: Mungu yuko kwa anayefika. Msalabani aliyetundikwa hakufika popote ambapo watu walimtazamia afike, na wapita njia walitikisa vichwa kama nilivyotikisa mimi mimbarini.

Hapa niseme jambo ili nisieleweke vibaya. Simtetei Wanjiru mbele ya mkewe. Mwanamke anayetishiwa ndani ya nyumba yake hana wajibu wa kuelewa uzito wa marathoni. Agnes Tirop, mkimbiaji mwenzao, alikutwa ameuawa kwa kuchomwa kisu nyumbani kwake Iten, Oktoba 2021, akiwa na miaka 25, wiki chache baada ya kuweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 ya mbio za wanawake peke yao. Mumewe ndiye aliyeshtakiwa. Baada ya hapo mchungaji yeyote anayezungumzia mzigo wa mwanamume maarufu aangalie asije akautumia mzigo huo kufunika kipigo. Mgalatia wa 6 aliyeambiwa abebe mzigo wa mwenzake aliambiwa pia, katika sura hiyo hiyo, kwamba kila mtu ana furushi lake mwenyewe. Yote mawili yamo. Ninachokataa ni mahubiri yanayolipima furushi la kijana bila kuuliza sisi tuliongeza nini ndani yake.

Mahubiri yale ya 2011 nimeyahifadhi, yako katika daftari la jalada jekundu. Siku nyingine nikiwa na mwanafunzi wa mafunzo ya vitendo namsomesha ukurasa ule kwa sauti, akifika pale pa ghorofa namwambia asimame. Wengi hucheka kabla hawajasimama. Neno lile lilitungwa vizuri. Ndiyo taabu yake.

Yule mama ameshafariki. Mwanawe aliacha mpira baada ya kuumia goti, akaacha na pombe baadaye sana, bila mahubiri yangu, kwa msaada wa mke mwenye subira na mwinjilisti mmoja mzee aliyekuwa akienda kukaa naye barazani jioni na kuongea habari za ng'ombe. Sasa ana karasha lake na hukaa benchi la nyuma kanisani. Nilipomweleza kwamba naandika insha hii alisema niandike tu, ila jina lake niliache, na nisitaje kama goti lilikuwa la kulia au la kushoto, maana wapo bado wanaoikumbuka mechi ile.