Maji Kabla ya Pasi

Fundi hana haraka. Kitenge kimetandazwa mezani, pasi ya mkaa iko kando yake inafuka. Anachovya vidole kwenye kopo, ananyunyiza, anangoja kitambaa kinywe. Ndipo anapokunja rinda la kwanza kwa ukucha wa dole gumba, analipima kwa vidole viwili, anaweka pasi juu yake na kuiacha itulie. Haisukumi. Anainua, anahamia la pili.

Nilikuwa nimefuata sketi ya binti yangu kwenye soko la kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, nikajikuta nimekaa saa nzima. Mimi hukunja karatasi, na aliyonifunza fundi huyu wa kitenge bila kujua ni mengi kuliko nilivyotarajia.

Kilichonishika ni yale maji. Akira Yoshizawa, Mjapani aliyezaliwa 1911 na ambaye wakunjaji wa leo wanamhesabu kama babu yao, ndiye aliyebuni njia ya kulowesha karatasi nene kidogo kabla ya kuikunja. Karatasi kavu hutoa ncha na pembe. Yenye unyevu hukubali mviringo, kifua cha ndege au shavu la nyani, na ikishakauka hushika umbo hilo. Ujanani alifanya kazi kiwandani, akawa anawaelewesha wafanyakazi wapya jiometria kwa kukunja karatasi. Kitabu chake cha 1954 kilieneza mishale na mistari ya vidoti ambayo leo humwonyesha hata asiyejua Kijapani akunje wapi.

Nikajaribu kwa karatasi ya kaki ya mfuko wa saruji, ile ya tabaka lisilogusa saruji. Nikaitia maji kwa pupa. Kanga niliyekuwa namkunja akachanika shingoni. Nilipompelekea fundi ule uchafu alicheka mpaka akashika meza.

“Kaka, mimi hunyunyiza. Wewe umefua.”

Dzaleka pana mafundi cherehani wengi. Kambi hii ya wilaya ya Dowa, iliyofunguliwa 1994 palipokuwa gereza, ilikusudiwa watu wapatao elfu kumi; leo wamepita 50,000, na Kiswahili cha Kongo na cha Burundi ndicho kinachopatanisha bei. Serikali ilipoamuru 2023 wakimbizi waliokuwa mijini warudi kambini, waliofanya biashara Lilongwe walirudi na ujuzi wao. Ukipita asubuhi utasikia cherehani zikijibizana.

Kwenye karatasi pia ujuzi huhama na mtu. Eric Joisel, mkunjaji wa Ufaransa, alikuwa mchongaji kabla hajaziona kazi za Yoshizawa. Mikono yake haikusahau udongo: kakakuona wake, magamba yote, katoka kwenye karatasi moja isiyokatwa. Na Issey Miyake, mbunifu wa mavazi, aligeuza kazi ya fundi wangu kichwa chini: alishona kwanza nguo kubwa kupita kiasi, kisha akaitia marinda kwa joto ikiwa imebanwa katikati ya karatasi. Nilipomsimulia fundi, alinyamaza kidogo, akasema huo ni upotevu wa kitambaa. Sikuwa na jibu.

Juma lililofuata nilikuwa Lilongwe, mji wa zamani, kwa wauza vinyago. Hapo wana kile kiti cha chifu cha Malawi: mbao mbili tu, hakuna msumari. Ubao wa mgongo una tundu upande wa chini. Wa kukalia una mkia mrefu unaopenya humo mpaka unagota, na uzito wako mwenyewe ndio unaozikaza. Ukiuchomoa, mbao zinalaliana bapa kama karatasi iliyorudi kabla ya mkunjo wa kwanza. Nilimwomba muuzaji akiunge na kukichomoa. Akafanya. Nikaomba tena, nitazame tundu kwa upande wa nyuma, jinsi lilivyochongwa kwa mshazari. Akafanya. Mara ya nne akakiweka chini, akaniuliza kama nanunua au nasoma.