Kava la Rangi Moja: Somo kwa Anayejigharamia Albamu

Kava la Out to Lunch!, albamu ya Eric Dolphy iliyotolewa na Blue Note mwaka 1964, halina sura ya mwanamuziki. Linaonyesha sehemu ya mbele ya duka, na kwenye kioo kumetundikwa kibao cha kuwaarifu wateja kwamba mwenye duka atarudi. Kibao kina saa, ila saa yenyewe ina mishale mingi, kila mmoja umeelekea kwake. Mteja hawezi kujua arudi lini. Picha nzima imetiwa buluu.

Msanifu wake, Reid Miles, alitengeneza mamia ya makava ya Blue Note kuanzia katikati ya miaka ya 1950. Kampuni ilikuwa ndogo, na kila wino unaoongezwa mtamboni huongeza gharama. Mara nyingi alichukua picha ya nyeusi na nyeupe, akaitia rangi moja, kisha akayaachia maandishi kazi iliyobaki. Hapa rangi hiyo moja imefanya zaidi ya kubana matumizi: imeunganisha kioo, kibao na kivuli, jicho likakosa pa kuhangaika likaenda kwenye saa. Na saa ile inasema muziki wenyewe ulivyo, maana Dolphy na wenzake huvunja mapigo na kuyaunga upya.

Mbinu hii inamfaa sana msanii wa mtaa wa Asiatique, Bujumbura, anayetoa albamu kwa fedha zake. Mtaa huu ulitengewa wafanyabiashara wa Kiasia enzi za Wabelgiji, mji ulipokuwa ukiitwa Usumbura, na biashara haijauhama. Kwenye maduka yake kuna kufuli, mizani, mlango wa chuma: chagua kitu kimoja tu, kile ambacho nyimbo zako zinakihitaji. Albamu inayoimba madeni ina haki ya kudai mizani. Inayoimba safari inaweza kutosheka na kufuli lililofungwa.

Simu inatosha. Kamera ya megapikseli 12 kwa kawaida hutoa picha ya pikseli 4000 kwa 3000. Ukiikata mraba unabaki na 3000 kwa 3000, kipimo kinachoombwa na wasambazaji wengi wa muziki mtandaoni. Kwa hiyo hakuna ziada ya kuvuta zumu. Sogea kwa miguu. Piga asubuhi au alasiri, jua likija kwa ubavu, ili kivuli kitoe umbo la chuma na kutu yake. Usiitume kwa msanifu wako kwenye WhatsApp kama picha ya kawaida, kwa sababu itapunguzwa. Itume kama hati.

Kisha iondoe rangi, ongeza tofauti ya mwanga na giza, uitie rangi moja. Maandishi yawe ya fonti moja, jina la msanii na la albamu basi. Sasa ipunguze hadi ukubwa wa ukucha, kwa sababu wasikilizaji wengi watakutana nayo hivyo kwenye simu. Kama jina halisomeki, likuze au ubadilishe mahali pake. Namba ya simu, bei na anwani ya tovuti ziende kwenye bango. Zikikaa kwenye kava, msambazaji anaweza kulikataa.

Kwa uchapaji, pikseli 3000 kwa nukta 300 kila inchi ni sentimita 25.4. Kava la CD, lenye sentimita 12 pamoja na milimita 3 za kukatwa kila upande, linatosha bila wasiwasi. La santuri, lenye takriban sentimita 31, linahitaji faili kubwa zaidi. Buluu inayong'aa kwenye kioo cha simu hufifia ikiwa wino, hivyo mwombe mchapaji nakala moja ya majaribio kabla ya kulipia zote.

Mwisho, omba ruhusa ya mwenye duka, na udai kwa msanifu faili asilia yenye matabaka yake, siyo picha iliyokamilika peke yake. Umelipia kurekodi ili sauti iwe mali yako. Kava nalo ni sehemu ya albamu hiyo, na utalihitaji tena siku ya kutengeneza bango, fulana au toleo la pili.